Baada ya Mninga: Kwa Nini Samani za Songwe Zinapasuka

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika kasi Mbozi na Momba, mkoani Songwe, milango huanza kugoma. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole sasa unasukumwa kwa bega. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anakuja na randa, anapunguza ubavu wa mlango milimita tatu au nne, anapokea chake na kuondoka. Ikifika Septemba, upepo wa kiangazi ukiingiza vumbi la Tunduma hadi kwenye masufuria, mlango uleule una uwazi wa kupitisha kidole na kitasa hakishiki. Fundi anaitwa tena, safari hii kubandika kipande. Mwenye nyumba anasema aliuziwa mbao mbichi, fundi anasema mbao za siku hizi hazina maana, muuza mbao anasema fundi hajui kazi. Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Lakini mlango ule ulikuwa ukifanya kile ambacho mbao yoyote hufanya maisha yake yote, na hakuna kati yao aliyeutengenezea nafasi ya kukifanya.

Samani zikipasuka au kupinda, ushauri unaotolewa huwa mmoja: nunua mbao kavu. Ni nusu ya jibu, kwa sababu mbao kavu nayo husogea. Tatizo la karakana nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo, kwa ninavyoona mimi, ni kwamba ufundi tulio nao ulilelewa na mninga, na mninga ni mti unaosamehe. Sasa mninga umekuwa adimu na ghali, meza zinatengenezwa kwa paina, ila misumari inapigwa palepale ilipokuwa ikipigwa.

Mbao, ukiitazama kwa karibu sana, ni mafungu ya vijiriba virefu vyembamba vilivyolala upande mmoja, kama bunda la mirija ya kunywea soda. Mti ukikatwa, mirija hiyo imejaa maji. Katika paina mbichi maji yanaweza kuzidi uzito wa mbao yenyewe. Maji yaliyo ndani ya mirija hutoka kwanza, na yakitoka mbao inakuwa nyepesi tu, umbo lake halibadiliki. Mabadiliko huanza pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, maana kuanzia hapo kinachotoka ni maji yaliyonyonywa na kuta za mirija zenyewe. Kuta zinakonda, mbao inasinyaa. Hewa ikipata unyevu, kuta zinanenepa tena na mbao inatanuka. Hakuna siku mchezo huu unakoma. Kabati alilorithi mtu kwa babu yake bado linatanuka kila mvua zinapoanza, ila aliyelitengeneza alilipa mahali pa kutanukia.

Mwelekeo nao una neno. Kwa urefu, mbao iliyokomaa haibadiliki kwa kiasi cha kumsumbua fundi. Kwa upana ndiko kwenye vurugu, tena si kwa kiasi kimoja: kufuata mzunguko wa pete za mti, mbao husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kuelekea gome. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao uliochanwa bapa ujikunje, kingo zikiinuka kwenye uso uliokuwa karibu na gome. Ndiyo pia inayofanya gogo zima lililoachwa juani lipasuke mstari mmoja mrefu hadi moyoni. Ubao uliopasuliwa kwa kuelekezwa moyoni, ambao pete zake huonekana zimesimama wima ukiutazama kichwani, husogea nusu tu na haujikunji. Wapasuaji wetu wa chensoo na wa zile mashine ndogo zinazoitwa dingidongi hawapasui hivyo, kwa kuwa gogo lenyewe ni jembamba na upasuaji huo hupoteza mbao nyingi. Lakini katika rundo lolote la mbao hupatikana chache zilizotokea kupasuliwa vizuri kwa bahati. Fundi anayetazama vichwa vya mbao kabla ya kulipa amefanya nusu ya kazi akiwa bado dukani.

Tuweke namba. Msaji, ambao duniani kote unahesabiwa kuwa mbao tulivu, hupungua takriban asilimia 5.8 kwa mzunguko wa pete na 2.5 kwa upande mwingine, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Paina tuipe 7.5 kwa mzunguko, kadirio lisilomwonea mtu. Gawanya kwa zile asilimia 30 za unyevu: kila unyevu wa mbao unapopanda au kushuka kwa asilimia moja, upana unabadilika kwa robo ya asilimia. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 huiacha mbao ikae kwenye unyevu wa karibu asilimia 8. Hewa ya asilimia 80 huipandisha hadi karibu 16. Ndani ya nyumba mabadiliko huwa ya polepole na vanishi huyapunguza makali, kwa hiyo tuchukue tofauti ya 6 tu kati ya kiangazi na mvua. Meza ya paina yenye upana wa sentimita 90 itaongezeka na kupungua milimita 13 na nusu. Hiyo ni zaidi ya nusu inchi, kila mwaka, na hakuna msumari wala gundi inayoweza kuizuia. Mbao ikitanuka ikakuta ukuta, itausukuma ukuta. Ikisinyaa huku imeshikwa pande zote mbili, itapasuka katikati.

Mninga haukutufundisha hesabu hii kwa sababu haukuihitaji sana. Kati ya mbao za Afrika, wenyewe ni miongoni mwa zinazosogea kidogo kabisa. Hukauka taratibu bila nyufa nyingi, na ukishatulia umetulia. Mkongo, ambao Pwani wanauita mbambakofi, una tabia inayofanana. Misitu ya miombo iliyoanzia Songwe na Chunya kuelekea Katavi na Tabora ilitoa mbao hizi kwa miongo mingi, na mafundi wakajenga mazoea juu yake: paka gundi, piga msumari, ziba na unga wa mbao, piga msasa, vanishi, kazi imekwisha. Meza ya mninga iliyogongomelewa mzima mzima kwenye miguu yake inaweza kudumu miaka ishirini bila ufa wa kuonekana. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa bwana wake hana sababu ya kuamini kwamba njia ile ni mbovu.

Kisha ikaja paina. Shamba la Miti Sao Hill kule Mufindi, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali, na pembeni yake wakulima binafsi wamepanda miti hadi kwenye mabonde ya Njombe na Mbeya. Malori yanashuka na mbao hizo barabara kuu ya Zambia, zinauzwa Tunduma kwa vipimo vya inchi: mbili kwa nne, moja kwa nane, moja kwa kumi. Miti mingi ya wakulima hukatwa ikiwa michanga, kwa kuwa ada ya shule haisubiri mti ukomae. Mbao ya mti mchanga, hasa ile yenye moyo ndani yake, ina ukorofi wa peke yake: hujipinda kama mtu anayekamua nguo, na tofauti na mbao iliyokomaa, husinyaa hata kwa urefu. Ndiyo maana mbao mbili kwa nne zilizolala moja juu ya nyingine dukani Jumatatu, Ijumaa kila moja inatazama upande wake.

Mkoa wenyewe nao hauna hali ya hewa moja. Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una Tunduma na Vwawa juu ya uwanda unaozidi mita 1,500, una milima ya Ileje inayopata mvua na ukungu, na una bonde la Ziwa Rukwa kule Kamsamba, takriban mita 800 tu, ambako joto halina huruma. Kabati lililotengenezwa Itumba, kule Ileje, likipelekwa bondeni limehamia nchi nyingine. Na samani za Tunduma haziishii mkoani. Zinapanda lori kwenda Dar es Salaam, zinakutana na hewa nzito ya bahari na kuvimba; zingine zinapelekwa Dodoma, kwenye ukame wa kati ya nchi, zinasinyaa. Ofisi yenye kiyoyozi Dar inaweza kuwa kavu kuliko sebule ya Dodoma. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja, kabla ya rangi na kabla ya bei, lingepaswa kuwa: hii inakwenda kukaa wapi?

Ukaushaji nao una hadithi zake. Mtu akipita barabarani ataona mbao zimeegemezwa ukutani, jua linazipiga upande mmoja, na fundi anaamini anazikausha. Anachofanya ni kukausha uso mmoja haraka kuliko mwingine, yaani kuzifundisha kupinda. Mbao hukaushwa kivulini, zimelazwa, na kati ya safu na safu kuna vijiti vyembamba vya unene uleule, vimepangwa kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka ili uzito ushuke sawasawa. Juu kabisa huwekwa mawe. Vichwa hupakwa rangi, maana kichwani ndiko maji hutoka kwa kasi na ndiko nyufa huanzia. Kiangazi cha Tunduma, kwa paina ya inchi moja, ni tanuri la bure: wiki kadhaa zinatosha. Mninga unataka miezi.

Kipima unyevu cha betri ni kizuri kwa mwenye nacho, lakini mzani wa duka unatosha. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si kichwani, kipime. Tuseme gramu 650. Kikaushe kwenye jiko la mkaa lenye moto wa chini, bila kukiunguza, ukipime tena na tena hadi uzito usishuke. Tuseme kimeishia gramu 500. Kilikuwa na gramu 150 za maji, ambazo ni asilimia 30 ya mbao kavu, na ubao huo bado haujaanza hata kusinyaa. Mwenye subira zaidi ataacha kipande kingine kwenye rundo na kukipima kila Jumapili. Siku uzito wake utakapoacha kushuka, rundo limepatana na hewa ya Tunduma.

Baada ya hapo ndipo kazi ya fundi inaanza, na samani inayofundisha vizuri kuliko zote tunalala juu yake. Kitanda ni mara chache kupasuka. Mbao zake za ubavuni hubeba kwa urefu, na urefu haubadiliki. Chaga zinalazwa tu, hazikugongomelewa kwa ukali, kila moja ikisinyaa kivyake bila kumvuta jirani. Ukitafuta ufa kwenye kitanda utaukuta kichwani, kwenye ule ubao mpana wa mapambo uliobanwa kati ya nguzo mbili kwa gundi na misumari. Sehemu moja ya kitanda inajua kusogea na nyingine imekatazwa, na zote zimetoka kwa fundi mmoja.

Meza inataka uso wake ushikwe bila kufungwa. Zile mbao zinazounga miguu huchukua skrubu zinazopanda kuingia kwenye uso wa meza. Skrubu za katikati kaza. Za pembeni zisipite kwenye tundu la duara, zipite kwenye tundu refu: toboa matundu matatu yanayopakana, yakilala kwa mwelekeo wa upana wa meza, safisha kuta zake kwa patasi, weka wasa chini ya kichwa cha skrubu, kaza hadi ishike na urudishe robo mzunguko. Meza itateleza milimita zake karibu saba huku na karibu saba kule bila mtu kujua. Ni kazi ya dakika kumi kwa meza nzima. Na kama umepaka vanishi juu, paka na chini, hata kama hakuna atakayeinama kutazama. Uso uliopakwa upande mmoja hunywa hewa kwa upande mwingine, na hapo unapinda.

Mlango wa paneli ulibuniwa kwa ajili ya jambo hilihili. Fremu yake ni ya mbao nyembamba, kwa hiyo upana wa mlango mzima haubadiliki sana. Mbao pana, zile paneli, huelea ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye fremu. Mwenye kupaka gundi kwenye paneli ameubatilisha ubunifu wote. Mfereji uwe na kina cha milimita 12 hivi, na paneli iingie kulingana na majira: ukitengeneza Septemba, mbao ikiwa imesinyaa hadi mwisho, iachie nafasi ya kutanuka, ukitengeneza Februari, iingize karibu hadi chini, kwa kuwa kuanzia hapo itarudi nyuma. Paneli ipigwe rangi au vanishi kabla ya kufungwa. Isipopigwa, kiangazi kitafunua mstari mweupe pembeni, na mteja ataupiga picha na kukutumia. Hata hivyo mlango mzuri kuliko wote utavimba ukifungwa kwenye nyumba ambayo plasta yake haijakauka, jambo ambalo wenye nyumba wanaoharakisha kuhamia hawapendi kuambiwa.

Wazee wa Pwani walikuwa wamelimaliza suala hili kwa njia zao. Mlango wa Zanzibar au Lamu, uliochongwa kwa msaji, mvule au mfenesi, una vipande viwili vinavyokutana katikati chini ya mfaa, ule mti uliosimama kati ya mbao mbili za mlango. Watu husifu nakshi za mfaa. Mimi naona zaidi kwamba umefunika mahali ambapo upana hubadilika. Vipande viwili vyembamba husogea nusu nusu, na uwazi unaotokea kati yao hauonekani. Baharini waliigeuza tabia ya mbao kuwa faida. Kalafati ya pamba na mafuta hujazwa kati ya mbao za jahazi, na chombo kikishushwa majini mbao zinavimba na kuibana. Mtepe ulikwenda mbali zaidi, ukashonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ukawa unalegea na kukaza na mawimbi. Hakuna aliyekuwa na kipima unyevu.

Kama njia zinajulikana, kwa nini hazitumiki? Watu wanapenda kusema mafundi ni wavivu. Sikubali. Tazama pesa inavyotembea. Mteja anatoa advansi, nusu ya bei. Fundi anachukua pesa hiyo asubuhi hiyohiyo kwenda kununua mbao, kwa sababu hana nyingine, na ameahidi kazi baada ya wiki mbili. Kukausha mbao ni kuweka mtaji kivulini miezi miwili, na mtaji huo haupo. Muuza mbao naye anauza kwa kipimo cha upana na unene. Moja kwa kumi mbichi ikikauka haifiki kumi, kwa hiyo kila wiki anayosubiri anapoteza ukubwa bila kuongezewa bei. Soko zima limepangwa kumlipa anayeuza maji. Mteja anayetaka samani isiyopasuka inabidi anunue mbao mwenyewe mwezi wa saba, azipange chini ya bati lake, kisha amwite fundi mwezi wa kumi. Nimeona wachache wakifanya hivyo, na wengi wao ni wastaafu, watu wenye muda.

Wengine wamekimbilia MDF na chipubodi. Ni kweli hazisogei kama mbao, kwa kuwa nyuzi zake zimesagwa na kuchanganywa bila mwelekeo. Lakini dekio likigusa ukingo wa chini mara kadhaa, unavimba na haurudi. Mbao iliyopinda hurandwa. MDF iliyovimba hutupwa. Plaiwudi ni rafiki zaidi: mgongo wa kabati na sakafu ya mtoto wa meza vikiwa vya plaiwudi, na mbele pakiwa pa mbao halisi, kila kitu kinafanya kazi kinayoiweza.

Kurudi kwenye mninga si njia ya kutegemea. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza jamii ya mininga yote ya Afrika, pamoja na mikongo na mikangazi, katika Kiambatisho cha Pili, ikimaanisha magogo na mbao zake zinataka kibali cha kimataifa kuvuka mpaka. Mkurungu, ambao ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, unaitwa mukula na uliokaribia kumalizwa na biashara ya China, ulikuwa umeshaingizwa mwaka 2019. Kwa mji ulioshika mpaka kama Tunduma hilo lina uzito wake, juu ya vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ambavyo kila mwenye lori la mbao anavijua. Mninga utabaki kwa wenye uwezo, na itakuwa vizuri ukibaki hivyo.

Kinachofuata baada ya paina tayari kinaonekana mashambani Mbozi, mipakani mwa mibuni: mkaratusi. Unakua upesi, ni mgumu, na ukipigwa vanishi una sura inayokaribia mninga kiasi cha kudanganya. Ila kwa kusogea unaizidi paina kwa mbali. Gogo lake hupasuka vichwa saa chache baada ya kuangushwa, kwa nguvu zilizokuwa zimebanwa ndani ya mti uliokuwa ukikimbilia juu, na ukikaushwa haraka mirija yake huporomoka na uso unabaki na mabonde. Atakayetaka kuutumia kwa samani aukate mkubwa, aache moyo nje, apake vichwa rangi siku hiyohiyo, na aukaushe polepole kivulini kuanzia mwisho wa mvua, hata kama jirani anauza paina yake kwa wiki. Akifika kwenye meza, asiunge ubao mpana kuliko inchi nne.